Pua ya Mbwa na Mkono wa Chama: Ulinzi wa Wanyama katika Nchi ya Garissa

Msafiri atokaye mji wa Garissa kwenda Ijara, akiuacha Mto Tana upande wake wa kulia, aghalabu huwaona njiani kanga wa nchi ile. Hawa si kanga wa kawaida wanaojulikana mashambani. Kifua chao ni cha rangi ya buluu inayong'aa, manyoya marefu yenye mistari myeupe huning'inia shingoni, na kichwa chao ni kitupu, mfano wa kichwa cha tai. Hutembea kwa makundi, na hatari ikitokea hawafanyi haraka ya kuruka, bali hutimua mbio na kupotea vichakani. Pamoja nao katika nchi hiyo kavu wako kwale, firigogo na tandawala. Ndege wote hawa hula chini, na mayai yao huyataga chini.

Kwa ajili ya kuwinda ndege wa namna hii, watu wa nchi za mbali walifundisha mbwa wa aina ya pekee, na kwa ajili ya mbwa hao wakaunda vyama. Garissa haikujulikana kwa vyama vya mbwa wa ndege. Lakini habari za vyama hivyo zina mafunzo makubwa kwa watu wa Garissa, Wajir na Mandera, maana zaonyesha jinsi mwindaji alivyopata kuwa mlinzi, na kwa nini amri peke yake haitoshi kumwokoa mnyama.

KAZI YA MBWA WA NDEGE

Mbwa wa ndege hafundishwi kuua. Yule aitwaye pointa hutangulia mbele ya mwindaji, akinusa upepo. Akiipata harufu ya kwale aliyejificha katika nyasi, husimama kimya kabisa, mguu mmoja wa mbele ameuinua, pua imeelekea pale alipo ndege. Yule aitwaye seta hufanya vivyo hivyo, ila yeye huinama karibu na ardhi. Wako na wengine ambao kazi yao ni kuwafurusha ndege, na wengine ambao humwokota ndege aliyeanguka na kumleta mkononi mwa bwana wake bila ya kumtafuna.

Mashindano ya kwanza ya mbwa hao yajulikanayo katika Uingereza yalifanywa mwaka 1865 katika wilaya ya Bedfordshire, na mwaka 1873 kikaundwa chama cha nchi nzima cha wenye mbwa. Katika mashindano ya namna hii, mbwa mwenye mbio lakini asiye na utii hapewi zawadi. Akimkurupukia ndege kabla ya kuamriwa, amekosa. Mafunzo yote yamejengwa juu ya neno moja tu, nalo ni kujizuia.

Basi yaliyompasa mbwa yalimpasa pia bwana wake. Watu wakikutana katika chama, wakaweka daftari, ada na kanuni, hawakawii kuona kwamba mwenzao mmoja akiua kupita kiasi, wote watakosa mwaka ujao. Ndege anayeatamia asipoachwa atotoe, hakuna kwale wa kesho. Majani yakichomwa yote, hakuna mahali pa ndege kujificha wala mahali pa mbwa kufanya kazi.

MAFUNZO YA NCHI NYINGINE

Huko Marekani watu walijifunza jambo hili kwa hasara. Kulikuwa na njiwa wa porini ambao makundi yao, kwa wingi wao, yalitia giza angani kama mawingu. Wakapigwa bila ya kiasi, na misitu yao ikakatwa. Njiwa wa mwisho wa kabila lile alikufa kizimbani katika mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba, 1914. Kabila zima lilikuwa limekwisha.

Ndipo wawindaji wenyewe walipoanza kudai sheria. Mwaka 1934 kila mwindaji wa bata wa porini alitakiwa kununua stempu ya dola moja, na fedha zake zikatumiwa kununua na kutunza mabwawa ambamo bata huzaliana. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria kwamba kodi ya bunduki na risasi itumiwe kurudishia nchi wanyama na malisho yao. Hivyo yule aliyekuwa akila akiba sasa akalipa ili akiba ijazwe tena.

Katika New Zealand mbwa mwenyewe alibadilishiwa kazi. Mwaka 1894 mtu aitwaye Richard Henry aliwekwa kuwa mlinzi wa kisiwa kiitwacho Resolution. Katika nchi ile wako ndege wasioweza kuruka, na mmoja wao ni kakapo, kasuku mkubwa atembeaye usiku. Wanyama wala nyama walioletwa na wageni walikuwa wakiwamaliza. Bwana Henry alimfunga mbwa wake mdomo asiweze kuuma, akamtuma kuwanusa ndege hao mashimoni mwao. Kisha akawachukua mamia kwa mashua mpaka kisiwani, palipodhaniwa kuwa pa salama. Baadaye adui zao waliogelea wakafika kisiwani pia, na kazi ile ikaharibika. Lakini jambo moja lilikwisha kuthibitika, kwamba pua ile ile iliyomtafuta ndege ili auawe yaweza kumtafuta ili aokolewe. Hata leo mbwa waliofundishwa hutumika katika nchi ile kuwatafuta ndege walio wachache.

LESENI NA UPINDE

Kenya nayo ilipata kuwa na mbwa wa ndege. Walowezi walileta mapointa na maseta yao, nao walipiga kwale na kanga kwa leseni. Sheria za uwindaji za wakati wa ukoloni ziliwagawa watu mafungu mawili. Mwenye bunduki na leseni aliitwa mwindaji, lakini mwenye upinde na mshale, aliyewinda kama babu zake walivyowinda, aliitwa jangili. Waboni, ambao hujiita Aweer na wakaao katika misitu ya Ijara na Lamu, waliishi kwa nyama ya porini na asali. Hao hawakuulizwa shauri sheria zilipoandikwa.

Mwezi wa Mei, mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Upigaji wa ndege wa porini uliendelea kuruhusiwa kwa leseni kwa miaka mingi baadaye. Wengi walitumaini kwamba kwa amri ile wanyama wangepona. Haikuwa hivyo. Ndovu wa Kenya, waliokadiriwa kuwa kiasi cha 167,000 mwaka 1973, walibaki kiasi cha 16,000 tu ilipofika mwaka 1989. Upande wa kaskazini na mashariki majangili walikuja na bunduki za kivita. Mwaka 1989 huo huo George Adamson, mzee aliyejulikana ulimwenguni kwa kuwalea simba, aliuawa na majambazi huko Kora, karibu na Mto Tana.

Amri ilikuwako, lakini mkono wa kuishika ulikuwa mfupi. Nchi ni pana, askari ni wachache, na wenyeji waliojua kila kisima na kila njia ya mnyama waliachwa pembeni, kana kwamba jambo lile haliwahusu.

HIROLA ATAKA KUTOWEKA

Hakuna mnyama ambaye maisha yake yaonyesha jambo hili wazi kuliko hirola. Huyu ni swala wa rangi ya mchanga, jamaa ya kongoni, mwenye mstari mweupe upitao kutoka jicho hata jicho, kama mtu aliyevaa miwani. Kwao ni nchi iliyo baina ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Wafugaji wengi wa Kisomali humhesabu kuwa ni mnyama wa baraka, na wakimwona karibu na ng'ombe wao hufurahi.

Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu, zaidi ya 10,000. Mwaka 1974 Serikali ilitenga hifadhi ya Arawale kwa ajili yao. Lakini katika miaka ya 1980 ikaingia sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua wanyama wa porini pia, na ukame ukafuata. Ndovu walipokwisha kuuawa, hapakuwa na wa kuiangusha miti, na vichaka vikafunika mbuga za nyasi ambazo hirola huzitegemea. Leo waliobaki wakadiriwa kuwa chini ya 500 duniani kote. Tena hirola hana ndugu wa karibu aliye hai, maana yeye peke yake ndiye aliyebaki katika jenasi yake. Akipotea, utakuwa umepotea ukoo mzima, jambo ambalo wataalamu husema halijapata kutokea kwa mamalia wa bara la Afrika katika zama hizi.

Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliazimia kuwahamisha baadhi ya hirola kuwapeleka Tsavo, ambako wengine walipelekwa tangu mwaka 1963. Watu wa Garissa wakakataa. Hawakushika silaha, bali walikwenda Mahakama Kuu. Mahakama ikazuia kuhamishwa kwao, kwa hoja kwamba sheria imeliagiza Shirika kuwalinda wanyama katika hali yao ya asili. Baadhi ya wanyama walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, lakini neno lilikuwa limesemwa. Wenyeji walikuwa wametamka mbele ya hakimu kwamba hirola ni wao.

Mtu asemaye kwamba kitu ni chake hana budi kukitunza. Hilo ndilo deni ambalo watu wa Garissa walijitwika siku ile.

CHAMA CHA WENYEJI

Deni hilo lilianza kulipwa miaka kiasi cha kumi baadaye. Jamii za Ijara ziliafikiana kutenga sehemu ya ardhi yao karibu na Mto Tana, wakaiita Ishaqbini. Iliundwa kamati, wakaajiriwa vijana wa pale pale kuwa askari wa wanyama, na kanuni za malisho zikawekwa. Mwaka 2012 palijengwa ua mkubwa wa kuzuia simba, chui, fisi na mbwa mwitu, na hirola 48 wakatiwa ndani. Katika miaka iliyofuata idadi yao ilizidi mara mbili. Hapo ndipo palipo tumaini kubwa la mnyama huyu. Karibu na mji wa Garissa kwenyewe, wenyeji wa Bour-Algi nao wamewatengea twiga mahali pao.

Mtu akiitazama hifadhi ya jamii ataona kwamba inafanana sana na vile vyama vya wenye mbwa wa ndege. Iko kamati, liko daftari, ziko kanuni ambazo mwanachama huzifuata hata pasipo na askari wa kumwona. Tofauti ni hii, kwamba vyama vile vilizaliwa na watu waliotaka kuwinda kesho, na hifadhi hii imezaliwa na watu watakao kulisha mifugo yao kesho. Wote wawili wamegundua jambo lile lile, yaani mali ya wote huliwa upesi isipokuwa na wa kuisemea.

Lakini chama hakimalizi hatari zote. Mwaka 2017 dunia nzima ilipata habari za twiga weupe wa Ishaqbini, mama na mtoto wake, na watu walistaajabu kuona picha zao. Mwezi wa Machi, mwaka 2020, ikatangazwa kwamba twiga jike mweupe na mtoto wake wameuawa na majangili. Waliokwenda kuwatafuta walikuta mifupa tu, maana ilikuwa imepita miezi kadhaa tangu kufa kwao. Akabaki dume mmoja peke yake, naye mwezi wa Novemba mwaka huo alifungwa chombo cha kuonyesha mahali alipo.

PUA ILIYORUDI

Habari hiyo ya mifupa yafaa kufikiriwa. Jangili huacha nyayo na harufu. Harufu hiyo hukaa muda mfupi tu, kisha jua na upepo huifuta. Akipatikana mbwa mwema mapema, aweza kuifuata hata mlangoni mwa mwenye kosa. Akiletwa baada ya miezi, hana la kufanya.

Katika sehemu nyingine za Kenya mbwa wa namna hii wamekwisha kuzoeleka. Huko Laikipia, Lewa, Maasai Mara na Amboseli, askari wa wanyama hutumia mbwa kuwafuata majangili usiku na mchana. Katika bandari ya Mombasa na kiwanja cha ndege cha Nairobi, Shirika la Wanyamapori hutumia mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za kifaru zilizofichwa katika mizigo. Mbwa hawa hawabweki ovyo wala hawashambulii. Kama pointa mbele ya kwale, kazi yao ni kuonyesha, kisha huwaachia wanadamu lililobaki.

Yawezekana mtu wa Garissa akauliza kama mbwa afaa kutumiwa katika nchi ya Waislamu. Jambo hili si geni katika dini. Kurani, katika sura ya Al-Maida, imehalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofundishwa, na wanavyuoni wametambua mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi katika nchi hiyo, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi pana njia ya kumtumia mbwa kwa kazi bila ya kumwingiza katika vyombo vya nyumba. Hayo ni ya masheikh na wazee kuyapima, na hifadhi itakayotaka mbwa wa kunusa itafanya vema kuanza kwa kuwauliza wao.

Hata hivyo mbwa hatangulii habari. Mchunga ngamia aliyesikia mlio wa bunduki alfajiri, akanyamaza kwa sababu ya hofu au kwa kuwa aliyepiga ni wa jamaa yake, amekwisha kumfunga mbwa pua. Yule aliyekwenda mbio kumwambia askari ndiye aliyemfungulia.

MBWA WASIO NA BWANA

Liko jambo la mwisho ambalo haliwezi kuachwa. Mbwa yule yule awezaye kumwokoa mnyama aweza pia kumwangamiza. Mbwa wazururao bila ya bwana hula mayai na makinda ya ndege wa ardhini, na hubeba kichaa cha mbwa na maradhi mengine. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti, maradhi ya mbwa yaliua simba kiasi cha 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa pale. Mbwa mwitu, ambao wamebaki wachache katika Afrika na ambao bado huonekana kaskazini mwa Kenya, nao hufa kwa kichaa wakiambukizwa na mbwa wa vijijini. Wanadamu pia hufa, hasa watoto. Kenya imeazimia kukomesha vifo vya wanadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia yake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka.

Wako watakaosema kwamba jambo hilo haliwezekani katika nchi pana ya wahamaji. Hao na waikumbuke sotoka. Ugonjwa ule uliowamaliza hirola ulifanya makao yake ya mwisho duniani katika nchi ya malisho ya Wasomali, nao ulionekana mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru. Ulishindwa kwa sababu wafugaji waliwaleta ng'ombe wao kuchanjwa, na kwa sababu walitoa habari za kila mnyama mgonjwa. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Watu walioweza kusaidia kuiondoa sotoka hawawezi kushindwa na mbwa wa mitaani.

NENO LA KUTENDA

Ukame mkali wa miaka ya 2020 hata 2023 uliwaua mifugo wengi kaskazini mwa Kenya, na watu wengi walibaki na njaa. Wakati kama huo ni rahisi kusema kwamba kanga, twiga na hirola ni mambo ya watu wenye kushiba. Lakini nyasi zimfaazo hirola ndizo zimfaazo ng'ombe. Kamati iwezayo kuwazuia watu wasimalize malisho yaliyotengwa ndiyo hiyo hiyo itakayookoa mifugo mwaka wa taabu.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya wazee na vijana wa Garissa si ngumu kuielewa, ingawa ni ngumu kuitenda. Daftari la hifadhi lifunguliwe mbele ya watu wote, ili fedha za chama zionekane ziingiavyo na zitokavyo. Habari za mlio wa bunduki zifikishwe siku ile ile. Mbwa wa nyumbani achanjwe na afungwe wakati ndege wanapoatamia. Waboni waitwe katika baraza, wakae na wenzao, maana hakuna aijuaye misitu ya Ijara kuliko wao.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hirola waliobaki hawafiki 500, na mvua mbaya mbili au maradhi mamoja yaweza kuwapunguza nusu. Kama watu wa Ijara watashika kanuni zao walizozitunga wenyewe, mtoto azaliwaye leo atamwona mnyama yule mwenye miwani akila pamoja na ng'ombe wa baba yake. Wasipozishika, atasimuliwa tu, kama watoto wa Marekani wanavyosimuliwa habari za njiwa.